Kabla ya Kupiga Windows Upya: Kuitunza Kompyuta na Antivairasi Yake Katika Hewa ya Tanga

Katika steshenari nyingi za Ngamiani, kompyuta ikianza kuganda hukumu hupitishwa papo hapo kwamba ina virusi. Fundi huitwa, hupiga Windows upya, yaani huifuta na kuiweka tena, hupachika antivairasi mbili kwa usalama zaidi, hulipwa chake, na baada ya majuma machache mashine inaganda tena. Ukiwasikiliza wenye maduka, walimu na makarani wa hapa mjini, utagundua kwamba malalamiko mengi wanayotupiwa virusi hutokana na joto, betri ndogo iliyokwisha au diski iliyochoka. Na pale virusi wanapokuwapo kweli, mara nyingi wameingia kwa flashi ya mteja au kwa programu iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli ili itumike bila leseni. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na mwili wa mashine, na antivairasi inakuja baadaye.

Joto, vumbi na chumvi

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha uangalie ni programu gani inayokula nguvu ya mashine. Ikiwa hakuna inayotumia nguvu nyingi na bado kompyuta ni nzito, au ikiwa ni nyepesi asubuhi na nzito saa nane mchana, au inajizima yenyewe huku feni ikipiga kelele, usianze kutafuta kirusi. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe, na joto likizidi hapo mashine hujizima ili isiungue.

Pwani ina mzigo wake wa ziada. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huja na joto kali, na mwaka mzima hewa ya bahari hubeba chumvi. Chumvi huvuta unyevu. Ikichanganyika na vumbi ndani ya kasha, hutengeneza utando unaonata ambao huziba matundu ya kupozea na kuzila taratibu sehemu za chuma na shaba. Ndiyo maana mashine iliyo Raskazone, karibu na maji, hustahili kufunguliwa kila baada ya miezi minne hadi sita, ilhali ya Pongwe inaweza kungoja mwaka, isipokuwa kama mlango wa duka unatazama barabara ya vumbi.

Kazi yenyewe haihitaji haraka. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, na kama ni mpakato yenye betri inayotoka, itoe. Gusa sehemu ya kasha isiyopakwa rangi ili umeme tuli ulio mwilini mwako uondoke. Ipeleke nje ya duka na upulize vumbi kwa blowa, lakini kwanza izuie feni kwa kijiti isizunguke, kwa kuwa feni inayozungushwa na upepo mkali huweza kuharibika. Utando usiotoka kwa upepo ufutwe kwa brashi laini iliyoloweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ambayo hukauka upesi bila kuacha mabaki. Chomoa rami, yaani kibao cha kumbukumbu ya muda, ifute pini zake kwa alkoholi hiyohiyo, uirudishe mpaka vishikizo vyake vilie. Pesti iliyo kati ya prosesa na kipoza joto hukauka kadiri miaka inavyopita. Ukiwa umeshafungua na joto bado halijashuka, hiyo ndiyo ya kubadilisha. Na vile vitambaa vya kufumwa tunavyoipambia kompyuta, vizuri kama vilivyo, viwekwe baada ya kuizima. Mashine inayofanya kazi ndani ya kitambaa haipumui.

Umeme ukikatika, UPS, yaani kifaa cha umeme wa akiba, hata ndogo hukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Kwa mashine isiyo na UPS, kukatika kwa umeme katikati ya masasisho ni chanzo cha kawaida cha Windows isiyowaka, na huko nako lawama humwendea kirusi.

Saa iliyopotea

Tazama tarehe iliyo pembeni chini ya kioo. Kompyuta ya mezani iliyozeeka huweza kuamka kila asubuhi ikiamini kwamba bado ni mwaka 2009. Kivinjari hapo hukataa kufungua tovuti salama na kutoa onyo jekundu kwamba muunganisho si wa kuaminika, masasisho hukwama, antivairasi ya kulipia hulalamika kuhusu leseni. Mtumiaji huona onyo hilo na kusadiki kwamba amevamiwa, kumbe vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa mashine iliyorudi nyuma miaka mingi, cheti cha leo hakijaanza kutumika.

Dawa yake ni kubadilisha betri ndogo inayoitunza saa mashine ikiwa imezimwa: ni CR2032 yenye volti 3, bapa kama sarafu, iliyokaa kwenye madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Zima, chomoa waya, sukuma kishikizo chake kwa ncha ya bisibisi, na uweke mpya ukiuelekeza upande wenye alama ya kujumlisha juu, kama ulivyokuwa wa kwanza. Baada ya hapo weka tarehe sahihi, na upitie mipangilio ya BIOS, programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows, kwa kuwa huenda imerudi ilivyotoka kiwandani. Katika baadhi ya mpakato betri hii imeunganishwa kwa waya mfupi, na hapo ni bora kumwachia fundi.

Diski hukaguliwa kwa programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure. Ikionyesha rangi ya njano au nyekundu badala ya buluu, nakili mafaili yako siku hiyohiyo kabla ya jambo lingine lolote, pamoja na kuskani.

Antivairasi moja inatosha

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni la kuweka antivairasi mbili au tatu. Kila moja hutaka kuchungulia kila faili linalofunguliwa, na kila moja huiona kazi ya mwenzake kuwa ya kutilia shaka, kama walinzi wawili wasiojuana waliowekwa lango moja usiku. Matokeo ni mashine nzito na wakati mwingine isiyowaka. Windows 10 na Windows 11 zina Microsoft Defender ndani yake tayari. Ukipachika antivairasi nyingine yenye ulinzi wa muda wote, Defender hujiweka kando yenyewe. Kwa steshenari, ofisi ndogo au nyumbani, Defender iliyosasishwa inatosha kabisa, na sioni sababu ya mwenye duka kulipia nyingine kabla hajanunua diski ya akiba.

Kuhusu zile za bure kutoka kwingine, soma masharti yake. Februari 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Avast italipa dola milioni 16.5 kwa madai ya kuuza taarifa za kurasa walizotembelea watumiaji wake. Programu za kusafisha rejista, yaani daftari la mipangilio ya Windows, na kuongeza kasi nazo hazina faida ya kuonekana kwa macho. Mwaka 2017 wadukuzi waliweza hata kupachika programu hasidi ndani ya toleo halisi la CCleaner, mojawapo ya programu hizo, likasambazwa kwa watumiaji kama kawaida.

Antivairasi isiyosasishwa huvijua virusi vya zamani tu, na hapa ndipo bei ya bando inapowashinda wengi. Wanaotumia hotspoti ya simu huweka alama kwamba mtandao wao ni wa kulipiwa kwa kipimo, na Windows kwa heshima zote huacha kupakua masasisho mengi. Fanya hivi: fungua Windows Security, ingia sehemu ya ulinzi dhidi ya virusi, na ubonyeze mwenyewe kitufe cha kutafuta masasisho angalau mara moja kwa wiki. Kama una kompyuta kadhaa, pakua mara moja kutoka tovuti ya Microsoft faili la mpam-fe.exe linaloendana na aina ya Windows yako, biti 64 au 32, kisha ulibebe kwa flashi safi na kulifungua kwenye kila mashine. Limebeba orodha mpya ya virusi na halihitaji intaneti. Kwa mashine zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani, mpangilio wa Delivery Optimization huziruhusu kugawana masasisho ya Windows badala ya kila moja kula bando lake.

Ukishuku kwamba kirusi kimejificha ndani ya mfumo wenyewe, chagua ukaguzi wa Defender Offline. Hifadhi kazi zako kwanza, kwa sababu mashine itajizima na kuwaka upya, na ukaguzi utafanyika kabla Windows haijaamka, wakati kirusi hakina nafasi ya kujitetea.

Flashi ya mteja

Mwanafunzi analeta flashi yenye ripoti ya mafunzo kwa vitendo ili ichapwe. Ukiifungua unaona folda zake zote, lakini kila moja ina mshale mdogo pembeni na ukubwa wa kilobaiti moja au mbili. Hizo ni njia za mkato. Kirusi kimezificha folda halisi na kuweka majina yaleyale juu ya kinachokiamsha. Ukibonyeza, kinaingia kwenye mashine yako na papo hapo kinakufungulia folda halisi ili usishtuke. Tangu Windows 7, flashi ya kawaida haijiendeshi yenyewe inapochomekwa, kwa hiyo kirusi cha aina hii kinakihitaji kidole chako.

Usibonyeze chochote, na wala usiiformati flashi kwa kudhani ni tupu. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya flashi, angalia sifa zake, na utaona kwamba nafasi bado imejaa. Kazi ya mwanafunzi ipo. Iskani flashi nzima kwa Defender, futa njia za mkato, kisha fungua Command Prompt na uandike agizo hili, ukibadilisha E iwe herufi ya flashi yenyewe:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitajitokeza. Ukikuta miongoni mwake faili la maandishi ya programu usilolijua, hasa lenye mwisho wa .vbs au .js, lifute pia. Ikiwa njia za mkato zinarudi kila unapochomeka flashi, mwenye maradhi ni kompyuta yako, na inapasa itibiwe kabla ya flashi nyingine kuigusa, la sivyo duka litakuwa kituo cha kuambukiza mtaa mzima. Mteja mwenye simu aombwe kutuma faili kwa barua pepe au WhatsApp. Hiyo haiondoi hatari zote, lakini hupunguza ile ya flashi.

Kuna jambo linaloendana na hilo. Nakala za vitambulisho vya NIDA na vyeti vya wateja husahaulika mezani mwa kompyuta za steshenari kwa miezi, na kirusi cha kuiba taarifa hakihitaji zaidi ya hapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na inamhusu pia mwenye duka dogo. Futeni mwisho wa siku, na msisahau kumwaga kapu la takataka la kompyuta (Recycle Bin).

Programu iliyokrakiwa na Windows iliyozeeka

Programu yoyote ambayo maelekezo yake ya kwanza ni kuzima antivairasi imekwisha kujieleza. Nyingi za kuamilisha Windows na Office bila leseni huanza hivyo, na kwa kuwa umeipa ruhusa ya msimamizi, haina haja ya kuvunja mlango. Kwa barua na majedwali ya kawaida LibreOffice ni ya bure na halali, na hufungua mafaili ya Word kwa kiwango kinachoridhisha, ingawa mpangilio wa kurasa huhitaji kupitiwa kabla ya kuchapa.

Antivairasi haizibi matundu ya Windows yenyewe. Kirusi cha WannaCry kilichosambaa duniani Mei 2017 kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake Machi mwaka huohuo. Wengi walioumia hawakuwa wamesasisha. Windows 7 iliacha kupata masasisho Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata nyongeza ya usalama hadi Oktoba 2026. Kama mashine yako haina sifa za Windows 11, ama ihamishie kwenye Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, ama iache ichape bila intaneti, ukiiletea mafaili kwa njia unayoiamini.

Kabla fundi hajapiga Windows

Muulize mambo matatu: ameliona joto, amekagua afya ya diski, na ataziweka wapi picha na kazi zako wakati anafuta. Asipokuwa na jibu la swali la tatu, ondoka na mashine yako.

Nunua diski ya nje, unakili mafaili yako kila Ijumaa kabla ya kufunga, kisha uichomoe, kwa sababu kirusi cha kudai fidia hufunga kwa pamoja kila kilichochomekwa. Isikae dukani ilipo kompyuta. Ipeleke nyumbani, ndani ya mfuko unaofungwa pamoja na pakiti ya silika ya kunyonya unyevu. Mara moja moja fungua mafaili mawili matatu kutoka humo kwenye kompyuta nyingine ili uhakikishe kwamba yanafunguka.