Kusali Masifu na kumkumbuka mtakatifu wa siku bila kupotea kurasa

Kinachowakatisha tamaa wengi wanaoanza kusali Masifu ya Kanisa, yaani sala za zaburi za asubuhi, jioni na usiku, ni kurasa. Leo ni juma la ngapi? Mtakatifu wa leo ana sala yake? Zaburi zitoke wapi? Maswali haya yajibu usiku wa kuamkia, ukiwa umetulia, ili alfajiri ubaki na kazi moja tu ya kusali. Maelezo haya yanafuata kalenda ya Kanisa Katoliki la Roma.

Fungua kalenda ya liturujia ya jimbo lako, kisha anza na juma. Zaburi zimepangwa katika majuma 4 yanayozunguka. Katika Kipindi cha Kawaida (majuma yasiyo ya Majilio, Noeli, Kwaresima wala Pasaka), chukua namba ya juma, gawanya kwa 4, na kinachobaki ndicho juma la zaburi. Juma la 18 linabakiza 2, basi ni zaburi za juma la 2. Isipobaki kitu, kama juma la 20, tumia juma la 4. Majilio, Kwaresima na Pasaka huanza upya na juma la 1, kila kimoja kwa Jumapili yake ya kwanza. Zile siku kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi inayofuata hutumia juma la 4.

Watu hupotelea baada ya Pentekoste, Kipindi cha Kawaida kinaporudi. Hesabu ya majuma si lazima irudi ilipoachwa: hupangwa kutokea mwisho, ili juma la Kristo Mfalme liwe la 34. Mwaka 2026, kwa mfano, Kwaresima inaanza katika juma la 6, na Jumatatu baada ya Pentekoste ni juma la 8. Juma la 7 halipo kabisa. Anayehesabu kwa vidole atakuwa nyuma kwa juma zima hadi Novemba.

Sasa daraja la siku (sherehe ndiyo ya juu, kisha sikukuu, kisha kumbukumbu), maana ndilo linaloamua mtakatifu aingie kwa kiasi gani. Siku ya sherehe au sikukuu zaburi za juma huwekwa pembeni. Masifu ya Asubuhi huchukua zaburi za Jumapili ya juma la 1: Zaburi 63, wimbo wa vijana watatu kutoka Danieli 3, na Zaburi 149. Sherehe huanza tangu jioni ya kuamkia kwa Masifu ya Jioni ya kwanza. Siku ya kumbukumbu, zaburi hubaki zile zile za siku, isipokuwa mtakatifu awe na zake mwenyewe. Wanaoanza huikosea kanuni hii kila mara: wakiona jina la mtakatifu wanakimbilia nyuma ya kitabu, kwenye sehemu za watakatifu, na kuziacha zaburi za siku. Wakifanya hivyo mara tatu kwa juma, ule mzunguko wa majuma 4 unavunjika na zipo zaburi ambazo hawatazisali kamwe.

Tuchukue 3 Juni 2026, kumbukumbu ya Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi wa Uganda. (Watakatifu wengi hukumbukwa siku waliyokufa, Lwanga alichomwa moto Namugongo tarehe hiyo mwaka 1886.) Ni Jumatano ya juma la 9. Tisa kwa nne inabaki 1, basi ni zaburi za Jumatano ya juma la 1. Asubuhi, kama ndiyo sala yako ya kwanza ya siku, anza na “Ee Bwana, uifumbue midomo yangu” na Zaburi 95. Kisha utenzi (wimbo wa kufungulia), Zaburi 36, wimbo wa Yudithi 16, na Zaburi 47, kila moja ikitanguliwa na kufuatwa na kiitikizo chake (mstari mfupi wa kuitikia), na “Atukuzwe Baba” mwishoni. Hadi hapo Lwanga hajatajwa, labda katika utenzi tu. Somo fupi, kiitikizo cha Wimbo wa Zakaria (Luka 1:68-79) na maombi waweza kuyatoa katika sehemu ya mashahidi au kubaki na ya siku. Uamuzi ni wako. Baada ya maombi, Baba Yetu, halafu sala ya kumalizia, nayo lazima iwe ya mashahidi wenyewe. Jioni mpangilio ni huo huo: Zaburi 27 katika sehemu mbili, wimbo wa Wakolosai 1, na Wimbo wa Bikira Maria. Usiku hakuna mtakatifu: Zaburi 31 mistari ya mwanzo, Zaburi 130, Wimbo wa Simeoni, ukalale.

Nchini Uganda daraja la siku hiyo liko juu zaidi, ndiyo maana tunasisitiza kalenda ya jimbo lako.

Kama huna kitabu cha Masifu, Biblia inatosha kwa zaburi, lakini iwe yenye vitabu vya Deuterokanoni, la sivyo Yudithi hutamwona. Ukikuta “Zab 36 (35)”, fuata 36. Namba ya kwenye mabano ni hesabu ya Kigiriki na Kilatini. Mwenye kitabu aweke tepe nne: zaburi, kipindi, watakatifu, na sehemu za jumla kama mashahidi au mabikira.

Siku nyingine mtakatifu hana nafasi. Jumapili huifuta kumbukumbu. Katika Kwaresima, na kuanzia 17 hadi 24 Desemba, kumbukumbu hushuka: unasali siku kama ilivyo, na ukipenda, baada ya sala ya kumalizia (bila hitimisho lake) unaongeza kiitikizo na sala ya mtakatifu. Perpetua na Felisita, 7 Machi, karibu kila mwaka huangukia humo. Mwaka 2016 tarehe 3 Juni iliangukia Moyo Mtakatifu wa Yesu, ambayo ni sherehe, na kumbukumbu ya Lwanga ikapisha.

Somo wako wa ubatizo, au msimamizi wa jumuiya yenu, habadilishi kalenda. Mtaje katika maombi, au sali sala yake baada ya kumaliza Masifu. Kanisa la parokia lenye jina la mtakatifu ni jambo jingine: ndani yake siku ya mtakatifu huyo ni sherehe.

Mkisali jumuiya nzima, gawanyikeni pande mbili. Kiongozi aanze kiitikizo, upande wake uchukue ubeti wa kwanza, na kila penye nyota katikati ya mstari wote mnyamaze kwa pumzi moja. Upande wa pili usianze kabla neno la mwisho la wenzao halijaisha. Zaburi zikianza kukimbizana, kiongozi apunguze sauti yake badala ya kuipandisha. Wengine watapunguza mwendo ili wamsikie.