Kronografu ya kale Lubumbashi: fungua mgongo wa saa kabla ya kufungua mfuko

Mtu akikuletea kronografu (saa ya mkono yenye mshale wa kupima muda) ya miaka ya 1950, pale mitaa ya Kamalondo au Kenya mjini, usishangae ukikuta usoni imeandikwa tu "Chronographe Suisse". Hilo si jina la kiwanda. Wauzaji wengi wadogo wa Uswisi walilitumia. Kasha likiwa na muhuri 750 ni dhahabu kweli, lakini mara nyingi bati la dhahabu ni jembamba na lina uwazi ndani yake. Pima bei kwa mashine inayoendesha saa, si kwa kasha.

Mgongo ufunguliwe mbele yako. Wa kubana hubanduka kwa kisu butu. Wa kuzungusha unataka ufunguo wake, maana bisibisi ikiteleza huacha mkwaruzo usiofutika. Tafuta namba ya mashine iliyopigwa karibu na balansi, gurudumu linalocheza huku na huku, au chini yake. Mashine ya Landeron 48 ilianza 1937 na ilitoka kwa wingi, kwa hiyo ndiyo ya kujifunzia: vipuri vinatolewa kwenye saa nyingine iliyokufa. Valjoux 72, yenye visaa vidogo vitatu usoni, ndiyo iliyomo ndani ya Heuer Carrera 2447 ya 1963 na Rolex Daytona za kwanza. Utaiona kwa gurudumu la nguzo, kama taji dogo lenye meno yaliyosimama wima. Hiyo ukiipata nzima, usibishane sana.

Sasa jaza springi ya saa polepole mpaka ikaze, kisha bonyeza kitufe cha juu. Kwenye Landeron 48 hicho kinaanzisha tu. Cha chini ndicho kinasimamisha, na kikibonyezwa tena kinarudisha mshale kwenye sifuri. Wauzaji wasiojua hilo hudhani saa imekufa na kushusha bei, wewe nyamaza. Kwenye Valjoux 72 cha juu kinaanzisha na kusimamisha, cha chini kinarudisha, na hakibonyezwi mshale ukikimbia.

Iache ikimbie nusu saa, si sekunde kumi. Saa ikisimama mara tu kronografu inapoanza, mafuta yamekauka au springi kuu imechoka. Mshale mrefu ukitetemeka, springi ndogo ya msuguano kwenye gurudumu lake imelegea. Kihesabu dakika kikiruka mbili, au kisiruke kabisa, marekebisho yameharibiwa na fundi wa kwanza. Mshale ukirudi kila mara pembeni ya sifuri, mahali palepale, uliwekwa vibaya tu, kazi ya dakika chache. Ukirudi leo hapa, kesho pale, umelegea kwenye mhimili wake au nyundo inayourudisha imelika, na hapo punguza bei sana.

Uso uliopakwa upya unajulikana kwa herufi nene na mistari ya dakika isiyolingana na tarakimu. Maandishi "T SWISS T" yanamaanisha tritiamu, kitu kinachofanya alama za uso ziwake gizani, ya miaka ya 1960 na kuendelea. Muuzaji akisema saa ni ya 1950, uso umebadilishwa. Za zamani zaidi zilipakwa radiamu, yenye mionzi ya hatari, ambayo katika miaka ya 1920 nyingi yake ilitokana na madini ya Shinkolobwe, hapa hapa Katanga. Alama hizo haziwaki tena kwa sababu rangi imechoka, lakini mionzi ingalipo, maana radiamu hupungua nusu baada ya miaka 1,600. Usizikwangue, usipulize vumbi lake, wala usifungulie saa hiyo mezani pa chakula.

Kiangazi vumbi jekundu huingia kupitia vitufe, masika huingia unyevu. Saa hizi hazina mpira wa kuaminika wa kuzuia maji, basi zihifadhi ndani ya kopo linalofungika vizuri pamoja na kifuko cha chembe za kukausha, na usiivae yoyote mvua ikinyesha.