Uchovu usioisha, nywele kukatika, moyo kwenda mbio: namna ya kutafuta jibu ukiwa Uganda

Mtu akikaa miezi akiwa amechoka, viungo vikimuuma na uzito ukibadilika bila sababu, kitu cha kwanza anachopewa kliniki huwa ni dawa ya malaria, na cha pili dawa ya taifodi. Kipimo cha Widal, yaani cha damu cha kutafuta taifodi, ndicho kinachopotosha wengi: kinaweza kusoma taifodi kwa sababu ya maambukizi ya zamani au ya ugonjwa mwingine kabisa. Ukishatibiwa taifodi mara mbili kwa Widal peke yake na hujapona, achana na njia hiyo. Uwezekano wa ugonjwa wa tezi ya thairoidi iliyo shingoni, au wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, sasa unastahili kuchunguzwa kwa mpangilio.

Anza na daftari

Daftari lile lile la shule unalopeleka hospitali linatosha, mradi liwe moja tu na lisipotee. Kwa wiki mbili, kabla hujainuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 60 kamili na uyaandike. Pima uzito mara moja kwa wiki kwenye mzani ule ule. Andika viungo vinakaza kwa muda gani asubuhi: vikilegea ndani ya dakika chache, si sawa na vinavyochukua saa nzima, maana ugumu mrefu wa asubuhi unaelekeza kwenye uvimbe wa ndani ya viungo. Wanawake waandike tarehe za hedhi na wingi wa damu.

Vipele na uvimbe vipigie picha siku vinapotokea, kwa mwanga wa mchana. Kwenye ngozi nyeusi, upele wa lupasi (ugonjwa ambao kinga hushambulia ngozi, viungo na figo za mwili wenyewe) mara nyingi hauwi mwekundu kama kwenye picha za vitabuni. Huwa wa zambarau au mweusi kuliko ngozi inayouzunguka, na huweza kuacha kovu. Siku ya kumwona musawo (daktari au mhudumu wa afya) upele unaweza kuwa umekwisha, na picha ndiyo itakayokusemea.

Andika pia kila dawa uliyomeza, zikiwemo za mitishamba, sindano usizojua jina na krimu za kung'arisha ngozi. Krimu nyingi za aina hiyo zina steroidi kali, dawa zinazozima uvimbe na kinga. Hizo, pamoja na deksamethasoni na prednisoloni zinazouzwa kiholela kwenye maduka ya dawa, hushusha uvimbe, hufuta upele na huvuruga majibu ya damu. Kwa hiyo usikubali kuanzishiwa steroidi ya "kutuliza" kabla damu na mkojo havijachukuliwa, ila kama ni dharura. Na kama umeshazitumia kwa wiki kadhaa, usiziache ghafla. Tezi za juu ya figo, zinazotengeneza steroidi ya asili ya mwili, huwa zimelala, na kukata dawa yote kwa mara moja kunaweza kukuangusha. Mwambie daktari azipunguze polepole.

Vipimo vya kwanza si vya bei kubwa

Watu huuza mbuzi kulipia orodha ndefu ya vipimo vya antibodi (kingamwili) Kampala, kumbe hawajapimwa mkojo. Huo ni mpangilio uliogeuzwa. Kituo cha afya cha daraja la tatu kina maabara ya mambo ya msingi, na cha daraja la nne kinatakiwa kuwa na daktari. Anzia hapo: VVU, malaria, hemoglobini au picha kamili ya damu, sukari, mkojo na ujauzito. Ukiwa na kikohozi, jasho la usiku au kukonda, omba kipimo cha kifua kikuu. Ongeza hepatitisi B na kaswende, na kwa kijana mwenye maumivu ya mifupa ya mara kwa mara, selimundu. Magonjwa haya ni ya kawaida hapa, na kila moja linaweza kuvaa sura ya lupasi au ya tezi.

Kijiti cha mkojo nakisisitiza kwa sababu lupasi inaweza kula figo bila maumivu yoyote. Protini au damu kwenye mkojo, hasa pamoja na presha iliyopanda na miguu kuvimba, ina maana upimwe kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) wiki hiyo hiyo na upelekwe hospitali ya rufaa.

Tezi ya thairoidi

Hapa kipimo cha kwanza ni TSH, homoni ya ubongoni inayoiamuru thairoidi kufanya kazi. Maabara nyingi hutumia kiwango cha kawaida cha takribani 0.4 hadi 4.0, lakini soma kile kilichochapwa kwenye karatasi yako, kwa kuwa mashine hutofautiana. TSH ikiwa juu na FT4 (homoni ya thairoidi yenyewe) chini, tezi imelegea: baridi, choo kigumu, ngozi kavu, hedhi nzito. TSH ikiwa chini kabisa na FT4 juu, inafanya kazi kupita kiasi: mapigo zaidi ya 100 umekaa tu, mikono kutetemeka, kukonda ilhali unakula vizuri, macho kujitokeza. TSH ikipita kidogo tu, tuseme 6, na FT4 ni ya kawaida, usikimbilie vidonge. Rudia baada ya miezi miwili au mitatu, pamoja na anti-TPO, antibodi inayoonyesha kinga inaishambulia thairoidi.

Kuna mtego ambao TSH peke yake haiuoni. Mwanamke aliyevuja damu nyingi sana wakati wa kujifungua, maziwa yakakosa kutoka na hedhi isirudi, anaweza kuwa na tezi ya ubongoni iliyoharibika. TSH yake itaonekana ya kawaida huku FT4 ikiwa chini. Huyo lazima apimwe kotisoli (steroidi ya asili ya mwili) ya asubuhi, na apimwe kabla ya kupewa levothairoksini, kidonge cha homoni ya thairoidi, kwani kuanza na dawa hiyo mwili ukiwa hauna kotisoli ni hatari.

Mengine yanayopotosha: vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini (vitamini B7) nyingi, vile vilivyoandikwa mikrogramu 5000 au 10,000. Kwenye baadhi ya mashine huifanya TSH isome chini na FT4 juu, kana kwamba tezi imekasirika. Viache siku 3 kabla ya kupima. Katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua tezi inaweza kupanda kisha ikalegea yenyewe, hivyo omba TRAb, antibodi ya ugonjwa wa Graves (kinga kuichochea thairoidi ifanye kazi kupita kiasi), kabla ya kuanzishiwa kabimazoli, dawa ya kuituliza thairoidi. Na mtu anayetumia ARV, ambaye CD4 (chembe za kinga) zake zimepanda vizuri, bado anaweza kupata ugonjwa wa Graves mwaka mmoja au zaidi baada ya kuanza dawa. Kukonda kwake kusihesabiwe kuwa ARV zimeshindwa kabla TSH haijapimwa.

Uvimbe shingoni unahitaji altrasaundi hata homoni zikiwa sawa.

ANA: ipimwe kwa sababu

ANA ni kipimo cha antibodi zinazoshambulia viini vya seli za mwili wenyewe, na ANA chanya peke yake haithibitishi lupasi. Baadhi ya watu wazima wenye afya njema huwa nayo katika kiwango kidogo, na malaria, kifua kikuu na VVU vinaweza kuileta. Ina maana ukiwa na dalili mbili tatu zinazoshikana: upele wa juani, vidonda vya mdomoni visivyouma, viungo vilivyovimba, protini kwenye mkojo, chembe za damu kupungua. Kiwango cha 1:80, yaani ANA bado inaonekana damu ikizimuliwa mara 80, kinafungua mlango tu. Baada yake hufuata anti-dsDNA, antibodi ya lupasi hasa, na C3 na C4, protini za kinga ambazo mara nyingi hushuka lupasi ikipamba moto. Kwa baridi yabisi, kipimo cha antibodi iitwayo RF kinaweza kuwa chanya kwa maambukizi hayo hayo. Antibodi nyingine, anti-CCP, inaaminika zaidi.

Kabla hujatoa damu, uliza maabara mambo matatu: mnapima hapa au mnatuma kwingine, majibu huchukua siku ngapi, na nitapewa namba au neno "chanya" tu? Neno bila namba halimsaidii bingwa.

Kufika kwa bingwa

Mabingwa wa homoni na wa viungo wengi wako Kampala, lakini madaktari wa magonjwa ya ndani wapo hospitali za rufaa za mikoa kama Mbarara, Gulu, Mbale na Arua, na wanaweza kuanza kazi hii. Omba barua ya rufaa, kisha piga simu au ulize siku ya kliniki hiyo, maana nyingi hufanyika siku maalumu za wiki. Mulago, hospitali kuu ya rufaa ya Kampala, ukifika siku isiyo ya kliniki yako utarudi na nauli imekwisha.

Ingia na karatasi zako zikiwa zimepangwa kwa tarehe, ya karibuni juu. Sema kwa ufupi: "Musawo, tangu Machi viungo vya vidole vinavimba, asubuhi vinakaza saa nzima, nimekonda kilo sita. VVU na kifua kikuu vimepimwa, hakuna. Mkojo una protini. Hizi ni picha." Kisha uliza anafikiri ni nini, nini kingine kinawezekana, na kipimo kipi kitatofautisha.

Usisubiri siku ya kliniki ukiwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, degedege, kuchanganyikiwa, udhaifu wa upande mmoja, homa na moyo kwenda mbio sana, au uvimbe wa shingo unaokua haraka na kubana koo. Nenda dharura, hata usiku.

Majibu yote yakitoka ya kawaida na bado unaumwa, muombe musawo aandike hivyo kwenye daftari na tarehe ya kurudia picha ya damu, TSH na mkojo, baada ya miezi mitatu au mapema zaidi dalili mpya ikitokea.