Kutumia mayai ya mchangiaji: mwongozo kwa wenzi wa Lubumbashi

Kabla ya kumtafuta mwanamke wa kuwapa yai, hakikisheni kwanza kwamba tatizo lenu ni yai. Familia inaweza kuuza kiwanja ili kulipia matibabu ya nje, ilhali kilichomzuia mama kushika mimba ni mirija iliyozibwa na maambukizi ya zamani, na mayai yake mwenyewe bado ni mazima. Mama apimwe katika damu homoni ya AMH, inayoonyesha akiba ya mayai, ahesabiwe vifuko vya mayai kwa ekografia, na apigwe picha ya kizazi na mirija. Baba naye afanye spermogramu, yaani kipimo cha mbegu za kiume, kwani udhaifu wa mbegu zake hautibiwi kwa kubadilisha yai.

Mayai ya mchangiaji huwafaa hasa wanawake waliokoma hedhi mapema, waliopoteza mayai kwa upasuaji au dawa za saratani, au waliovuka miaka 40. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, na ubora wake hushuka baada ya miaka 35, kisha kwa kasi zaidi baada ya 40. Kizazi hakizeeki hivyo, na yai la mchangiaji huja na umri wa mchangiaji. Ndiyo maana takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba baada ya miaka 43 uwezekano wa kuzaa kwa yai lako mwenyewe katika mzunguko mmoja wa matibabu uko chini ya asilimia 5, ilhali kwa yai la mchangiaji hufika takriban asilimia 40 hadi 50 kwa kila kiinitete (yai lililorutubishwa kwa mbegu maabara) kinachopandikizwa kwenye kizazi.

Mchangiaji anayefaa huwa na umri wa miaka 21 hadi 34, na hupimwa VVU, homa ya ini ya B na C, na kaswende. Hapa kwetu kuna kipimo kingine ambacho sitakubali kiachwe, nacho ni elektroforezi ya hemoglobini, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha nani hana selimundu (AA), nani ameibeba bila kuugua (AS), na nani anaiugua (SS). Ikiwa mchangiaji ni AS na mume ni AS, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mwenye selimundu, hata kama mama atakayebeba mimba ni AA. Kwa hiyo karatasi za kulinganisha ni za mume na mchangiaji, si za mume na mke.

Wengi humfikiria kwanza mdogo wa mke, na jambo hilo linawezekana. Hata hivyo, azungumze na mshauri akiwa peke yake, bila dada yake wala mama mkwe kuwapo, ili akitaka kukataa aweze kukataa bila aibu. Dada wa mume hafai kabisa, kwa kuwa yai lake lingekutana na mbegu ya ndugu yake wa damu. Yeyote atakayekubali, andikeni mapatano mbele ya mwanasheria, mkitaja nani ni mama wa mtoto na nani atalipa gharama za mchangiaji akipata madhara.

Kizazi nacho kinahitaji kutayarishwa. Fibromu (uvimbe wa kizazi usio saratani) inayoingia ndani ya uwazi wa kizazi huondolewa kabla, na mrija uliojaa maji hufungwa au hukatwa, kwa sababu maji hayo yakirudi ndani humdhuru mtoto anayejaribu kujishikiza. Mchangiaji huchomwa sindano za homoni kwa siku 8 hadi 14, kisha mayai huvunwa takriban saa 36 baada ya sindano ya mwisho. Wakati huo mama humeza estrojeni mpaka utando wa kizazi ufikie angalau milimita 7, ndipo huongezewa projesteroni kwa siku 5 hivi kabla ya kiinitete kupandikizwa. Ekografia za maandalizi zinaweza kufanyiwa Lubumbashi, na safari ikawa fupi. Anayevuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia au kupanda ndege kwenda Afrika Kusini atafsiriwe mapema majibu yake kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Projesteroni ya kuingiza ukeni huweza kuyeyuka kwenye joto la Oktoba, hivyo isiachwe ndani ya gari.

Ombeni kipandikizwe kiinitete kimoja tu. Ninajua jinsi mapacha wanavyofurahisha ukoo, lakini mimba ya mapacha huongeza hatari ya kuzaa kabla ya wakati na ya kutokwa damu nyingi. Kipimo cha mimba hufanywa kwa damu siku 9 hadi 14 baadaye, na projesteroni huendelea mpaka wiki ya 10 au 12. Msiiache kwa sababu kipimo kimeonyesha mimba.

Mimba ya yai la mchangiaji ina hatari kubwa zaidi ya presha ya ujauzito. Mama apimwe presha katika kila kliniki, na amuulize daktari kama aanze aspirini ya kipimo kidogo tangu wiki ya 12. Siri mnaweza kuificha kwa ndugu na majirani, lakini mkunga na daktari wa uzazi waambiwe tangu siku ya kwanza kwamba yai lilitoka kwa mtu mwingine.