Jinsi ya kuzikamata raha ndogo ndogo za kila siku kabla hazijapita

Naomba msome hii taratibu maana nimeifanya muda mrefu na imenisaidia kweli. Wengi wetu tunaishi tukiingojea furaha, yaani nikipata kazi, nikijenga, nikioa au nikiolewa, hapo ndo nitatulia nifurahi. Na ukipata unafurahi kweli, sikatai, ila ikipita miezi kadhaa unakuta umeshazoea, kile kitu ulichokililia kimekuwa cha kawaida na roho inataka kingine. Wanasaikolojia Brickman na Campbell waliliandika hili mwaka 1971, kwamba binadamu anazoea karibu kila kitu, kizuri na kibaya. Sasa kama makubwa yanakuja mara chache halafu tunayazoea haraka hivyo, siku zingine zote tunaishi na nini? Na vidogo. Vipo kila siku, tatizo vinapita huku tunaangalia pembeni.

Cha kwanza fahamu vyako ni vipi, usikopi vya mwenzio. Kwa siku tatu tembea na karatasi au tumia noti za simu, kila ukijisikia vizuri hata kidogo andika kilichotokea, palepale, usisubiri usiku maana utakuwa umesahau, vitu hivi ni vyepesi vinayeyuka. Mimi nilivyofanya mara ya kwanza nilishangaa. Shuka zilizofuliwa zikakauka juani, ile harufu ya usiku wa kwanza. Kuvua viatu vilivyokubana kutwa nzima. Mvua inanyesha na huna safari. Kukuta hela kwenye mfuko wa nguo uliyoisahau. Mtoto mdogo anacheka mpaka anapata kwikwi. Kushtuka usingizini ukidhani kumekucha, ukiangalia saa kumbe bado masaa mawili, unajifunika tena, jamani hiyo naipenda sana. Hakuna hata kimoja hapo nilichokuwa nakihesabu kama furaha, nilikuwa nasema tu siku imeenda.

Ukishavijua, kazi inayofuata ndo ngumu, kuwepo kinapotokea. Mwaka 2010 watafiti Killingsworth na Gilbert walitumia programu ya simu kuwauliza watu zaidi ya 2,000, kwa muda wa kushtukiza, unafanya nini sahivi, akili yako iko wapi, unajisikiaje. Karibu nusu ya muda akili ilikuwa kwingine kabisa, na watu walikuwa na furaha pungufu akili ikiwa kwingine, na hata waliokuwa wanawaza mambo mazuri hawakuwa na furaha kuwazidi waliotulia kwenye walichokuwa wanafanya. Hiyo ilinigusa maana mimi nilikuwa mtu wa kuoga huku nawaza madeni.

Ninachofanya ni hivi. Kitu kizuri kikianza nasimama kidogo, hata pumzi tatu nne zinatosha, najiuliza nasikia nini, kuna harufu gani, mwili uko wapi, kisha nasema kwa sauti ndogo "hii nzuri". Utaona kama ujinga mwanzoni, ila kukitaja kunakifanya kikae. Na simu iweke mbali, sio mezani umeilaza kifudifudi, weka chumba kingine kabisa, maana ikiwa karibu nusu ya masikio yako iko kwenye simu hata kama hailii.

Sasa watu. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu kwangu ndo penye raha kubwa kuliko kote na ndo tunapopaacha. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza mwaka 1938, umewafuata watu mpaka uzeeni, na kinachorudi mara kwa mara kwenye matokeo yao ni kwamba mahusiano mazuri na watu wa karibu yanaendana sana na furaha na afya. Lakini usisubiri mpaka uwe na marafiki kumi, anza na mmoja, mpigie bila sababu. Ukiona kupiga ni kugumu andika meseji, ila isiwe "mambo" tu halafu basi, mpe kitu maalum: "nimekumbuka ile siku ulinisubiri kwenye mvua hukulalamika, asante." Niliwahi kupokea meseji ya namna hiyo wakati nina stresi za kufa mtu, rafiki ambaye hatujaongea karibu mwaka mzima, na yeye hakujua lolote nililokuwa napitia. Nililia. Tangu hapo mtu akinijia kichwani namwandikia siku hiyohiyo, sisubiri wikendi.

Hata usiowajua pia. Watafiti Epley na Schroeder mwaka 2014 walitoa matokeo ya majaribio waliyofanya na abiria wa treni Chicago, baadhi waliombwa waongee na mtu wasiyemjua, wengine wakae kimya. Watu walitabiri kuongea kutawaharibia safari, ikawa kinyume, walioongea ndo walioifurahia zaidi. Kwa hiyo salimia, ulizia kazi inaendaje, ukiona mtu hataki mwache kwa heshima, hujapoteza kitu.

Na kutoa. Mtafiti Dunn na wenzake mwaka 2008 waliwapa watu dola 5 au dola 20, wengine wakaambiwa wajinunulie, wengine wazitumie kwa ajili ya mtu mwingine, na jioni waliotumia kwa mwingine ndo walikuwa na furaha zaidi, na kiasi hakikuleta tofauti. Ndo maana nasema usingoje uwe nazo, kumshikia mtu mzigo pia ni kutoa.

Mwili nitasema haraka mnajua wenyewe: lala masaa saba au zaidi, toka nje asubuhi upate mwanga, tembea. Ukikosa usingizi hata shuka zenye harufu nzuri hazitakusaidia kitu.

Kuhusu kuandika shukrani, watafiti Emmons na McCullough mwaka 2003 waliwapa watu kazi ya kuorodhesha hadi vitu vitano vya kushukuru, mara moja kwa wiki kwa wiki kumi, na watu hao waliyaona maisha yao vizuri zaidi. Mimi nilijaribu kila siku nikachoka, nikawa naandika afya, familia, afya, familia kama muhuri, nikarudi mara moja kwa wiki na naandika kwa nini kilinifurahisha. Jambo hilohilo linahusu raha zenyewe, usizirudie mpaka ziishe ladha, wimbo unaoupenda upumzishe wiki mbili halafu uusikilize tena uone.

Kitu kimoja muhimu. Kama wiki mbili au zaidi karibu kila siku hakuna kinachokupa raha, hata vile ulivyokuwa unavipenda sana, usijilaumu kwamba hujui kufurahi na usijilazimishe na orodha. Hiyo inaweza kuwa sonona (depression), na sonona inatibika, nenda kamuone daktari au mwambie mtu unayemuamini akusindikize.

Ile karatasi ya siku tatu usiitupe, ibandike mahali unapopita, mfano ndani ya mlango wa kabati. Siku mudi imeshuka huwezi kukumbuka chochote kizuri, kichwa kinagoma kabisa, hapo ndo ufungue kabati usome, uchague kile chepesi kuliko vyote na ukifanye hichohicho kimoja. Changu siku hizo huwa ni kuvua viatu nikanyage sakafu ya baridi.