Usafi wa Jumamosi City Park: tafuta lori kwanza, watu baadaye

Wiki jana binti wa dada yangu alinipigia, vijana wa kanisa lao wanataka kuja kufanya usafi City Park, akaniuliza, "Auntie, tunaanzia wapi?" Tukaongea karibu saa nzima, nikaona heri niandike maana swali hilo naulizwa kila mara. Naongea juu ya City Park ya Parklands hapa Nairobi, ile yenye kima, lakini mengi yatakufaa hata mkienda Arboretum ama Jeevanjee.

Hatua ya 1: Ruhusa

Barua kwa kaunti, wiki tatu kabla, useme siku, saa, mko wangapi na mtafanya nini. Baki na kopi yenye stempu na siku yenyewe uje nayo. Ongea pia na watu wa Friends of City Park, wanaijua kila kona. Na hii bustani ilitangazwa kuwa turathi ya taifa 2009, kwa hivyo msiingie na mapanga mkaanza kufyeka vile mnaona nyinyi.

Hatua ya 2: Siku

Jumamosi, saa mbili mpaka saa tano asubuhi, basi.

Hatua ya 3: Vifaa

Glavu nzito za mpira, reki, koleo, viatu vya kufunika vidole. Kwa kubebea taka mimi natumia gunia pekee, yale ya sukari ama mchele ya kilo 50, unayapata kwa wenye kuuza nafaka kwa bei ndogo, unayaosha na unayatumia tena mwaka mzima. Ile mifuko myeusi ya nailoni sitaki hata kuiona, chupa moja iliyovunjika inaipasua kabla hujafika barabarani na sasa umeongeza taka badala ya kupunguza.

Hatua ya 4: Taka zinaenda wapi

Hapa msome polepole. Watu wengi wanadhani kazi ya usafi ni kuokota. Kuokota ni rahisi, watu 40 wanamaliza eneo kubwa kwa masaa mawili. Kazi ni kuziondoa hizo taka ziende mahali zinafaa kwenda, siku hiyo hiyo.

Mara yangu ya kwanza kupanga tulijaza magunia zaidi ya 50, tukayapanga karibu na geti juu tulikuwa tumeahidiwa lori saa tano. Saa tano ikapita, saa nane, simu inaita haishikwi, saa kumi na mbili jioni tukafunika na maturubai tukaenda nyumbani, lori lingekuja kesho. Jumapili saa moja asubuhi nikafika, nikakuta kima wamefungua karibu kila gunia. Mmoja alikuwa ameketi juu ya rundo na mtoto wake ameshikilia tumboni, anakunjua karatasi ya yogati taratibu kwa vidole na kuilamba, na pampers imening'inia kwenye tawi juu yake. Tulikuwa sita tu, tukaokota upya mpaka saa nane mchana. Nililia, na si uchovu, ni vile niliona wale wanyama wakila plastiki ambayo sisi ndio tuliwakusanyia pamoja.

Kwa hivyo sasa nafanya hivi. Kabla sijaalika mtu hata mmoja natafuta lori. Nataka namba ya dereva mwenyewe, si ya mtu anayemjua dereva, na namba ya dereva wa pili wa pikapu akae standby. Nalipa nusu mbele, nusu akishamwaga. Namuuliza anamwaga wapi, jibu ninalotaka ni jaa la Dandora, na mmoja wetu anapanda naye mpaka huko, maana kuna wenye lori wanaomwaga kando ya mto wakitoka tu machoni pako. Lori lifike saa nne, kazi ikiendelea, si saa tano watu wakitaka kwenda. Ikifika saa nne na nusu hajaonekana mpigie wa pikapu, usingoje, hata kama ni bei zaidi.

Na mtenganishe pale pale mnapookotea, sheria ya taka ya 2022 inataka hivyo na pia inawapunguzia mzigo. Chupa za plastiki, mikebe na vyuma gunia lake, waambie mapema wale wanaonunua kwa kilo waje na mkokoteni. Vioo peke yake. Chochote kilichoguswa na chakula, pamoja na pampers, kinafungwa na waya, kinapanda lori kwanza na hakilali kwenye bustani. Sindano zisiguswe na watoto, mtu mzima mwenye glavu aziokote kwa koleo na kuzitia kwenye mtungi mgumu wa plastiki wenye kifuniko.

Hatua ya 5: Watu

Makundi ya watu wanane ama kumi, kila kundi na kiongozi na kipande chake. Kundi moja lipeleke pale alipozikwa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa Kenya, na mkewe Sheila, na karibu nao kaburi la mpigania uhuru Pio Gama Pinto, aliyeuawa Februari 1965. Wape vijana dakika tano za hizo habari kabla hawajashika reki. Nimeona mara nyingi, wakishajua wamesimama kwa nani wanaokota hata vizibo vya soda.

Hatua ya 6: Chai

Chai na mandazi, vikombe vya chuma. Mle mkiwa mbali na kima na msiwape njugu wala ndizi hata wakiomba vipi, kima aliyezoea kupewa ndiye anayempokonya mtoto chakula kesho.

Hatua ya 7: Kama mtapanda miti

Muulize msimamizi wapi na miti gani. Mimi napendelea ya hapa kwetu, muringa, mukinduri, na mkaratusi sipandi. Mazingira Day, tarehe 10 Oktoba, kila mtu anataka kupanda, lakini mimi siku hiyo nachimba mashimo tu, miche inangoja mvua ishike vizuri. Halafu andikeni majina ya watakaorudi kumwagilia Januari na Februari, kundi moja kila wiki na mitungi yao, na kama hamna majina hayo msipande, fanyeni usafi pekee.

Binti wa dada yangu amenitumia meseji leo asubuhi: dereva ameshalipwa nusu, wa pikapu ameshakubali, sasa ndio anaanza kualika watu.