Kulala Mombasa: Chagua Kivuko Kabla ya Chumba

Anayetafuta chumba Mombasa mara nyingi huanza na picha za bwawa la kuogelea na bei ya usiku mmoja, akasahau kwamba mji wenyewe ni kisiwa. Kutoka kisiwani kuna vivuko vitatu vikubwa, yaani njia za kuvuka maji: Daraja la Nyali kwa upande wa kaskazini, Makupa kwa upande wa bara na uwanja wa ndege, na feri ya Likoni kwa upande wa kusini. Ukipata chumba rahisi upande usio wako, kile ulichookoa utakilipa kidogo kidogo kwa tuktuk, foleni na jua la kichwani.

Kwa hiyo kabla ya kufungua programu yoyote ya vyumba, andika mambo mawili au matatu utakayofanya kila siku. Kuogelea na watoto? Kuzunguka mjini na kula? Kuhudhuria harusi Tudor jioni? Kisha jiulize ni kivuko kipi utakivuka na saa ngapi. Chumba kizuri ni kile kinachokupunguzia vivuko.

Pande na tabia zake

Kisiwani, hasa Mji wa Kale, ndiko kwa mtu anayependa kutembea kwa miguu. Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, iko hapo hapo, na asubuhi unatoka mlangoni ukanunue mahamri na mbaazi zikiwa moto. Lakini nyumba za zamani zina ngazi nyembamba zenye mwinuko mkali, na vichochoro vingi havipitishi gari. Sanduku zito utalibeba mwenyewe au umlipe kijana. Adhana ya alfajiri itakuamsha, pombe usiitarajie, na kaptula fupi hazipendezi. Bahari unaiona ila ya kuogelea si hiyo. Jioni watu huenda Mama Ngina kukaa, kunywa madafu na kula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Mwenye lengo la mchanga asilale kisiwani.

Nyali, Bamburi na Shanzu ndizo za ufukwe, kwa mpangilio huo ukienda kaskazini. Nyali iko karibu zaidi na daraja, na kwa kawaida bei yake huonyesha hivyo. Asubuhi magari huingia kisiwani, jioni hutoka, na soko la Kongowea karibu na daraja huongeza msongamano wake. Ukiwa na safari ya mjini, toka baada ya saa tatu asubuhi, urudi kabla ya saa kumi au baada ya saa mbili usiku. Bamburi ina ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wengi huuita Pirates; Jumapili, Krismasi na Idd hujaa pomoni. Mtwapa, ambayo tayari ni Kaunti ya Kilifi, inajulikana kwa maisha ya usiku. Ukiwa na mtoto mdogo, usichukue chumba kinachotazama barabara kuu huko.

Diani si mtaa wa Mombasa, ingawa matangazo mengi huiandika hivyo. Iko Kaunti ya Kwale, kama kilomita 30 kusini ya Likoni. Waendao kwa miguu hupanda feri bila malipo, magari hulipa na hupanga foleni. Siku hizi anayetoka uwanja wa ndege au stesheni ya treni ya SGR iliyoko Miritini anaweza kupita barabara ya Dongo Kundu asiguse feri kabisa. Diani inafaa ukiwa utakaa huko huko. Kulala Diani na kushinda mjini ni kujitesa.

Tazama mwezi kabla ya kalenda

Hili ndilo wageni wengi hulikosa. Bahari ya Mombasa hupanda na kushuka kwa karibu mita 4 wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku inayofuata, nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: bahari hujaa asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo.

Maana yake ni hii. Familia ikifika mwezi mpevu, saa nne asubuhi itakuta bahari imekimbia hadi karibu na mwamba, watoto wamebaki na vidimbwi vya maji ya magotini. Kutembea huko ni raha ukivaa viatu vya mpira (kuna viumbe vya miiba mirefu myeusi), ila kuogelea hakuna. Ukitaka kuogelea asubuhi, panga wiki ya nusu mwezi. Tarehe zikiwa haziwezi kubadilika, hapo ndipo bwawa la kuogelea linapostahili kulipiwa.

Maji ya bomba, stima na upepo

Mji huu hutegemea maji ya mbali, yakiwemo ya chemchemi za Mzima yanayosafiri zaidi ya kilomita 200, na ya Baricho kwenye Mto Sabaki. Mgao ni jambo la kawaida. Majengo mengi hujazia kwa kisima, na visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi: sabuni haitoi povu, chai inabadilika ladha, na bomba la bafu huota kutu. Usiulize "kuna maji?" kwa maana jibu ni ndiyo siku zote. Uliza: ya bafuni ni ya kisima au ya kaunti? Tangi ni la lita ngapi, na linahudumia vyumba vingapi?

Kwa nyumba za kukodi, uliza pia nani ananunua tokeni za stima, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Kiyoyozi kikikesha usiku kucha, tokeni huyeyuka, na wenye nyumba wengine hukuwekea kiasi kidogo tu cha kuanzia. Kama kuna jenereta, uliza kama inaendesha kiyoyozi au taa na feni pekee. Chumba kinachotazama magharibi huchomwa na jua la alasiri, na kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, joto lake hulala nawe. Omba kinachotazama bahari hata kama bahari yenyewe huioni, upepo utakufikia. Chandarua kiwepo, na kiwe kizima.

Kabla ya kutuma pesa

"Dakika mbili kutoka ufukweni" mara nyingi hupimwa kwa mstari ulionyooka, kama ndege arukavyo. Kati ya nyumba na maji kuna kuta za hoteli na viwanja vya watu, na njia ya umma huenda iko robo saa kwa miguu. Fungua ramani ya setilaiti, itafute njia hiyo kwa macho, kisha umwombe mwenyeji akutumie mahali hasa inapoanzia.

Halafu piga simu ya video, mchana. Mwambie afungue bomba la bafuni na aliache dakika moja: ukiona mkondo unaokonda hadi kuwa uzi, umepata jibu ambalo picha haziwezi kukupa. Aende dirishani, akuonyeshe barabara, akuonyeshe na mita ya stima. Anayekataa mara mbili kwa visingizio, mwache. Pesa za amana zikienda kwa M-Pesa, soma jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri. Lisipolingana na la mwenye nyumba au la biashara, simamisha hapo.

Mwisho, saa ya kufika. Treni ya usiku inayoondoka Nairobi saa nne hufika Miritini karibu saa tisa na nusu usiku, na vyumba vingi hufunguliwa kuanzia saa nane mchana. Elewana mapema kwa maandishi kama utapokelewa alfajiri na kwa malipo gani, au chukua treni ya asubuhi. Ukishaingia, kabla mtu aliyekukabidhi funguo hajaondoka, washa kiyoyozi, vuta maji ya choo, jaribu kufuli la mlango wa nyuma, na piga picha ya mita ikionyesha yuniti zilizobaki.